Springi Zilizodai Mzigo

Usiku wa kuamkia leo niliota fundi Gwandu amenipigia simu kuniambia kwamba springi za gari langu zimefika, na kwamba zinataka kuniona ana kwa ana.

Sikushangaa. Mimi ni mkunga, nimezoea kuitwa na watu ambao bado hawajazaliwa.

Kabla sijaendelea niseme mambo ya mchana, maana ndoto ilianzia huko. Nina kajipu ka milango miwili, kepesi, ninakokatumia kuwafuata akina mama wa bondeni na kuwaleta zahanati kwetu Mbulu. Mzigo wake ni mimi, mkoba wangu wa kuzalishia, godoro jembamba na, siku ya shida, mama mmoja mwenye uchungu. Basi. Mwezi wa nne, katika korongo la kuteremkia Yaeda, kajipu hako kalipanda juu ya jiwe kakakaa. Tumbo juu ya jiwe, matairi yananing'inia. Nyuma alikuwepo Udaa, mwanamke wa watu, mtoto wa tatu huyo, naye hakutaka kusubiri. Nilimzalisha humohumo, gari likibembea kama mizani ya duka. Mtoto alitoka salama. Mimi nilitoka na nadhiri kwamba gari hili litainuliwa.

Kuinuliwa kiasi gani, hapo sasa kila mtu alikuwa na mdomo.

Shemeji yangu Boay, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ameendesha magari ya watalii miaka ishirini, alitaka sentimita kumi na tano na springi nzito kabisa, zile za magari yanayobeba mahema na mapipa ya maji. Fundi Gwandu hakutaka chochote. Aliniuliza swali moja tu: "Mama, unabeba nini?" Halafu akasema anahitaji jibu asubuhi.

Nikalala sijaamua. Jambo hilo halijawahi kunitokea. Pale zahanati najulikana kwa kuamua.

Sasa naingia gereji. Gereji imo ndani ya wodi yetu ya wazazi. Vitanda vitatu, na kila kitanda kimelaliwa na springi nne zilizofunikwa shuka mpaka shingoni. Kadi zao zimening'inizwa miguuni mwa vitanda. Fundi Gwandu amevaa aproni yangu, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko, na anatembea kwa kunyata.

"Usiongee kwa nguvu," ananiambia. "Zile nzito hazijapata usingizi."

Nikasogea kitanda cha kwanza. Springi nzito zilikuwa nene, nyeusi, zina macho mekundu ya watu waliokosa kazi muda mrefu.

"Shikamoo, nesi," zikasema kwa pamoja.

"Marahaba. Mnaendeleaje?"

"Tunaumwa na kukaa bure. Sisi tumezaliwa kubeba kilo mia tatu, kila siku, bila likizo. Soma kadi."

Nikasoma kadi. Ni kweli, iliandikwa hivyo, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

"Wewe una nini?" ikauliza ile ya nyuma kushoto.

"Nina mkoba, godoro na mimi mwenyewe."

"Panda mizani."

Nikapanda. Kwa jumla tulikuwa kilo themanini na tatu, na viatu vikiwemo. Zile springi zikatazamana.

"Na hizo nyingine mia mbili na kumi na saba," ile ya nyuma kushoto ikauliza kwa adabu, "tutazikuta njiani?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka darini. "Zifunge, shemeji. Usibishane na chuma."

Nikatazama juu. Shemeji Boay alikuwa ameshainuliwa. Miguu yake ilianza pale mlangoni, ikapanda, ikapita feni, na uso wake ulikuwa umebanana na bati. Alionekana ana raha kabisa.

"Ukiwa huku juu," akasema, "mawe yote yanafanana na maharage."

Fundi Gwandu akanitazama. Nilijua anachokijua, nami nilikuwa nakijua, lakini shemeji ni mtu mzuri na mbishi, na mtu mbishi haambiwi, huonyeshwa.

"Zifunge," nikasema.

Tukawa barabarani. Hatukusafiri kufika barabarani, tulikuwa tu hapo, kwenye ile ya changarawe inayopita nyuma ya kanisa, nami nimeshika usukani. Niliangalia chini dirishani nikaona mapaa ya nyumba. Gari lilikuwa limesimama juu kama mtu aliyevaa suruali ya kaka yake.

Mita kumi za kwanza zilikuwa nzuri. Kisha gari likakanyaga kokoto moja, ndogo, ya kuchezea bao.

"Mzigo?" springi zote nne zikauliza kwa sauti ya matumaini.

"Si mzigo," nikasema. "Ni kokoto."

Zikaturusha juu kwa hasira. Nikagonga kichwa, nikarudi kitini, zikaturusha tena. Kila kokoto ziliuliza, na kila kokoto nilijibu, na kila jibu lilinigharimu meno. Kwa kuwa zilikuwa na nguvu nyingi na kazi hazina, zilianza kujitafutia. Ile ya nyuma kushoto ikatoa mkono ikachukua benchi la kanisa. Ya kulia ikachukua mashine ya kusaga. Kisha zikachukua ng'ombe wawili na mwalimu wa kwaya, ambaye aliendelea kuhesabu mapigo.

"Sasa je?" nikauliza.

"Bado kidogo," zikasema. "Hata kufinywa hatujafinywa."

Hapo tairi la nyuma likashuka. Namaanisha liliacha barabara, likatembea pembeni peke yake, likatazama maua ya alizeti ya mtu, kisha likarudi mahali pake.

"Ulikuwa wapi?" nikaliuliza.

"Sikuwa na wa kunishikilia chini," likasema. "Springi ikigoma kujikunja, mimi ardhi naisikia kwa mbali tu."

Nikaandika kwenye daftari la zamu: tairi lilitoka bila ruhusa. Nikaandika na saa.

Barabara ikaanza kuinama upande, kama zinavyoinama barabara zetu kila zikifika ukingoni mwa bonde. Gari nalo likainama. Nikasikia Fundi Gwandu, ambaye alikuwa amekaa juu ya boneti na spana mapajani, akisema kwa utulivu, "Mama, angalia kitovu."

"Cha nani?"

"Cha gari. Kitovu cha uzito."

Hiyo ni kazi yangu. Nikasimamisha gari, nikavaa glavu, nikatafuta. Kwa kawaida gari kama hili kitovu chake kiko chini, karibu na gia, na kinatakiwa kiwe kikavu na kimetulia. Pale hakikuwepo. Nikapapasa kiti, nikapapasa mlango, nikapanda juu ya paa. Nilikikuta huko, juu kabisa, kinapigwa na upepo, kimevimba.

"Hiki hakijakaa vizuri," nikasema.

"Kikipanda sana, gari hutaka kulala," akasema Fundi Gwandu.

Ni kweli, gari lilikuwa linapiga miayo. Lilikuwa limeelemea upande wa bonde na jicho moja la taa limeshafumba.

"Nesi!" ikaita sauti nyembamba chini ya madigadi. "Navutwa!"

Nikainama. Ulikuwa mpira wa breki. Tangu chasisi iliposogea juu, mpira ulikuwa umenyooka kama uzi wa kushonea jeraha. Hapo nilipaza sauti, ile sauti ninayowatolea wakunga wapya.

"Nani anavuta kamba ya kitovu hapa? Kamba haivutwi! Hata siku moja kamba haivutwi!"

"Na mimi shingo," ikalalamika propela shafti, ile nondo inayozungusha matairi ya nyuma, kutoka gizani. "Nimekunjwa kama mtu aliyelala kwenye benchi la stendi. Nazunguka, lakini sizunguki kwa furaha."

Nikamwita shemeji aje aone. Alikuwa mbali sana juu, akasema haoni chochote kibaya. Maharage tu.

Na hapo ndipo Udaa alipofika.

Alikuja kwa miguu kutoka bondeni, tumbo limetangulia tena, mkono kiunoni. Kila baada ya muda alisimama, akafumba macho, akapumua kupitia mdomoni, kisha akaendelea. Mimi nahesabu nafasi kati ya uchungu na uchungu hata ndotoni. Dakika nne. Muda ulikuwepo, ila si wa kuchezea.

Akafika ubavuni mwa gari. Akatazama juu. Kizingiti cha mlango kilikuwa usawa wa paji lake la uso.

"Nesi Paskalina," akasema, "hili ni gari au ni dari?"

"Panda, mama yangu. Shika hapo kwenye mpini."

Akajaribu. Akainua mguu mmoja, akaushusha. Akajaribu mwingine. Kisha uchungu ukamkamata, akaegemeza paji la uso kwenye tairi mpaka ukapita.

"Mimi nitazalia huku chini," akasema, bila lawama yoyote, kama mtu anayesoma ratiba ya basi. "Wewe huko juu utapokea nini?"

Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Nimewahi kupoteza umeme, maji, njia na viatu. Sijawahi kuwa mbali na mgonjwa wangu kwa sababu ya sentimita nilizojiongezea mwenyewe. Nilitaka kushuka lakini chini palikuwa mbali, na kila nilipotikisika springi ziliuliza, "Mzigo?"

Hofu niliyoipata hapo ilikuwa fupi. Baada yake niliamua, na nilipoamua nilisikia usingizi wangu wenyewe ukitengemaa.

"Springi nzito," nikasema, "njooni mbele."

Zikaja, vichwa chini.

"Ninyi si wagonjwa wala si wabaya. Mmeletwa wodi isiyo yenu." Nikatoa karatasi, nikaandika rufaa, nikapiga muhuri. "Mnakwenda kwa lori la mahindi la Haydom. Linabeba kupita kiasi tangu mwaka juzi."

Zikaisoma ile karatasi. Ya nyuma kushoto ikaanza kulia.

"Kupita kiasi," ikarudia. "Mungu akubariki, nesi."

Zikaondoka mbio, na benchi, na mashine, na ng'ombe. Mwalimu wa kwaya alibaki, akashukuru, akaenda zake. Gari likashuka taratibu na kuketi chini kwa kishindo cha mtu mzima anayevua viatu.

Kutoka huko juu, shemeji Boay akapiga kelele. "Unafanya nini? Umelirudisha mavumbini!"

"Fundi, niletee kitanda cha tatu," nikasema.

Springi nyepesi zikaja zenyewe, peku, zimekunja shuka zao vizuri chini ya kwapa.

"Mnabeba nini?" nikaziuliza.

"Ulichonacho."

"Mtaniinua kiasi gani?"

"Sentimita tano," zikasema. "Sita, siku ukisahau mkoba."

Nikazipenda palepale. "Ingieni."

Hazikuingia. Zilisimama zikatazama sakafu kama wari.

"Tatizo nini?"

"Wenzetu," ikasema moja. "Hatuendi bila wenzetu. Shokapu zako za zamani ni fupi. Sisi tukinyooka, zenyewe zitakuwa zimefika mwisho, zitagonga na kulia. Na hata zikinyamaza, hazitujui."

Fundi Gwandu akafungua kabati la dawa. Ndani walikuwa wamekaa wazee wanne wembamba wenye fulana za mafuta, wanapumua polepole sana. Shokapu. Wakatoka mmoja mmoja, kila mmoja akasimama karibu na springi yake.

"Wanafanya nini?" nikauliza.

Kwa kunijibu, Gwandu akaigonga springi moja kwa kidole. Springi ikasema, "Twende, twende, twende, twen—"

"Imetosha," akasema mzee.

Ikatulia. Kulikuwa na kimya kizuri. Hata Udaa alitabasamu, na dakika zilikuwa tatu.

Gwandu akafunga. Alifunga kwa muda wa kuchemsha chai, akabadilisha na mipira ya breki kwa mingine mirefu kidogo, akaipa propela shafti nafasi ya kunyoosha shingo. Mimi nikapapasa kitovu. Kilikuwa kimerudi chini karibu na gia, kikavu.

"Watakucheka, shemeji," Boay akasema kutoka angani. "Sentimita tano! Gari halitaonekana hata kama limeinuliwa."

"Shemeji, mimi siendi kuonekana. Mimi naenda na kurudi."

Kisha akasema kitu ambacho mchana hajawahi kusema.

"Tangu kaka aondoke unashuka lile korongo peke yako. Nikiona umechelewa, siwezi kula. Nilitaka uwe juu. Nilitaka mawe yasikufikie kabisa."

Sauti yake ilikuwa mbali na ilikuwa ikipeperushwa. Nikamwambia kwa kupaza sauti ili asikie vizuri, "Basi shuka ukae na mimi! Huko juu hunisaidii. Mtu wa kumshika Udaa mgongo hayupo."

Boay akashuka. Kumi na tano, kumi na nne, kumi na tatu, alikuwa anazihesabu mwenyewe, kwa aibu, mpaka akafika urefu aliozaliwa nao. Akavua kofia. Akamwambia Udaa, "Pole sana, mama," akamshika kwapa, na Udaa akaingia garini kwa hatua moja, kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

Korongo lilikuwa mbele yetu. Hatukulifuata, lilikuja.

Jiwe lilikuwa limekaa kwenye meza ya mapokezi, katikati ya mkondo mkavu, na daftari mbele yake.

"Jina?"

"Paskalina Tluway. Mkunga."

Likafungua kurasa za nyuma. "Mwezi wa nne ulinikalia dakika arobaini."

"Naomba radhi."

"Sina kinyongo. Tulizaa wote." Likavua miwani. "Urefu?"

"Sentimita tano, na springi zinajikunja."

"Sogeza gari."

Nikasogeza kidogokidogo. Jiwe likaweka vidole kati ya kichwa chake na tumbo la gari, likapima. Vikapita vidole viwili.

"Vinatosha," likasema. "Wengine huja na mnara, wanapita juu yangu na kuangukia kule mbele. Wewe umeomba kiasi cha jiwe. Je, difu?"

Nikaliangalia lile bonge la gia linaloning'inia kati ya matairi ya nyuma. "Difu haikupanda."

"Haiwezi kupanda. Springi huinua tumbo, difu huinuliwa na tairi. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya, halafu wananilaumu mimi." Likanyoosha kidole. "Ipitishe kushoto kwangu. Kuna kijishimo nimekiweka."

Nikapitisha kushoto. Tairi la mbele likapanda, springi ikajikunja kama mtu anayepiga goti kanisani, mzee wake akasema, "Imetosha," ikanyooka. Tairi la nyuma likafuata, likiwa limeshika ardhi muda wote. Nikasikia tumbo la gari likipita juu ya jiwe bila kugusa, na jiwe likigeuza ukurasa.

"Tumeondoka?" Udaa akauliza kutoka nyuma.

"Tumefika," Boay akamwambia.

Na tulikuwa tumefika, wodini, kitandani, taa zinawaka. Mtoto alikuja kwa uchungu wa nne. Msichana, kilo tatu na robo, mwenye nywele nyingi. Nilipomfuta uso alifumbua macho, akaangalia dari, akaangalia grisi mikononi mwa Gwandu.

"Nani kafunga zile springi?" akauliza.

"Fundi kafunga. Kuamua niliamua mimi."

Akafikiri kidogo. "Nimelala njia nzima," akasema, kisha akakumbuka kazi yake akaanza kulia.

Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Niliketi kitandani nikampigia Fundi Gwandu kabla hata ya kunawa.

"Springi nyepesi," nikamwambia. "Sentimita tano. Shokapu za urefu wake, na mipira ya breki mirefu kidogo."

"Hivyo ndivyo ningekuambia, mama, ila ulikuwa hujaniuliza," akasema. "Na shemeji yako?"

"Njoo naye. Mwambie nimesema aje kunywa chai."

Nikatoka nje na kikombe changu. Kajipu kalikuwa pale nilipokaegesha jana, kwenye ua, umande bado haujakauka. Jogoo wa jirani alikuwa anavuka ua kuja kwenye mtama wangu, kama kila siku, na njia yake hupita chini ya gari. Ni jogoo mkubwa, mwenye majivuno. Miaka mitatu nimekuwa nikimwona akifika pale ubavuni, anasimama, anakunja shingo na kupita ameinama ili kilemba chake chekundu kisiguse chuma. Naamini ndiyo heshima pekee aliyowahi kumpa mtu hapa kwetu.

Leo alifika ubavuni mwa gari. Hakusimama. Akapita chini yake kichwa juu, kifua mbele, akatokea upande wa pili.

Nikamalizia chai yangu. Kisha nikampigia tena Fundi Gwandu, nikamwambia springi aziache, zimeshafungwa usiku, aje na spana tu, akaze.